Salaam Bombay! au Capernaum: Ipi ya Kutazama, na Utazame na Nani

Filamu zinazosimulia maisha ya watoto wanaojitafutia riziki katika miji mikubwa ni nyingi, na maneno yanayotumiwa kuzinadi hufanana mno: mtoto maskini, jiji katili, tumaini lisilozimika. Mtu anayetaka kuchagua moja kwa ajili ya darasa la sekondari, kikundi cha vijana au jioni ya nyumbani hapati msaada wowote katika maneno hayo, kwa kuwa yanaficha jambo hasa linalozitofautisha filamu hizo, yaani tumaini lenyewe limewekwa wapi na ni nani anayelilipia. Makala haya yanazilinganisha filamu mbili zilizopishana kwa miaka 30: Salaam Bombay! ya Mira Nair, iliyotoka mwaka 1988, na Capernaum ya Nadine Labaki, iliyotoka mwaka 2018. Ya tatu, Queen of Katwe, itaguswa kwa ufupi, kwa sababu msomaji wa Afrika Mashariki ataiulizia tu, na kwa sababu kwa watazamaji wa aina fulani ndiyo inayofaa kuliko hizo mbili.

Salaam Bombay! inaanza mbali na jiji. Krishna, mvulana ambaye hajafikia hata ujana, amepelekwa na mama yake kufanya kazi kwenye sarakasi inayozunguka, kwa sababu aliharibu pikipiki na nyumbani hatakiwi mpaka apate rupia 500 za kuilipia. Siku moja anatumwa dukani, na anaporudi anakuta sarakasi imekwisha kung'oa mahema na kuondoka. Hela aliyo nayo inatosha tiketi ya treni ya kwenda mji mkubwa, na mji huo ni Bombay, ambao leo unaitwa Mumbai. Huko anapata kazi ya kupeleka chai kwenye madanguro, na watu wanamwita Chaipau kiasi kwamba jina lake la nyumbani linabaki kwake mwenyewe tu. Tangu hapo kila kitu katika filamu kinapimwa kwa zile rupia 500: kuku anaowanyonyoa, harusi anayohudumia, wizi anaoshiriki, vyote ni hatua ya kwenda mbele au kurudi nyuma katika safari ya nyumbani.

Ubora wa filamu hii umo katika jinsi inavyokataa kumtenga mtoto mmoja na mtaa unaomzunguka. Chillum, kijana mkubwa kidogo anayemlinda Krishna na kumfundisha kuishi, ni teja, na mtazamaji yeyote aliyewahi kuishi karibu na maskani ya mateja katika miji yetu atamtambua mara moja kwa mizaha yake, ukarimu wake wa ghafla na uongo wake usio na kikomo. Rekha anafanya kazi katika danguro huku akimlea binti yake Manju, na mteja anapoingia chumbani, mtoto hana budi kutoka nje. Mwanamume aitwaye Baba, ambaye ndiye baba mzazi wa Manju, anasambaza dawa za kulevya, na ni yeye anayepewa kazi ya kumlainisha msichana mpya aliyeletwa kutoka Nepal ili ubikira wake uuzwe kwa bei nzuri. Mambo haya yanasimuliwa bila kupaza sauti. Hakuna hotuba, na hata watu waovu wana nyakati za upole, jambo linalofanya uovu wao uwe mzito zaidi kuubeba.

Onyesho moja linatosha kueleza namna Nair anavyofanya kazi. Krishna anamwendea mwandishi wa barua wa kando ya barabara, anayeigizwa na Irrfan Khan ambaye wakati huo alikuwa hajulikani, na anamtajia maneno ya kumwandikia mama yake: yuko mjini, anafanya kazi, atarudi akipata zile rupia 500. Barua inaandikwa, malipo yanatolewa, lakini mtoto hana anwani inayoeleweka, na akishaondoka mwandishi anaitupa. Onyesho lote ni la dakika chache tu, wala hakuna muziki wa kutuamuru tulie. Tumaini lipo kweli, limesemwa kwa ufasaha kabisa, na halifiki popote.

Capernaum inaanzia mwisho na kurudi nyuma. Zain, mvulana wa Beirut, amesimama mbele ya hakimu akiwa tayari anatumikia kifungo kwa kumchoma mtu kisu, na safari hii yeye ndiye mlalamikaji: anawashtaki wazazi wake kwa kumzaa. Umri wake haujulikani kwa uhakika kwa sababu hakuwahi kuandikishwa alipozaliwa, kwa hiyo daktari anamkagua meno na kukisia kwamba ana miaka kumi na miwili hivi. Kutoka hapo filamu inatupeleka kwenye chumba kimoja ambamo ndugu wengi wanalala pamoja, kwenye duka la Assaad ambaye ndiye pia mwenye nyumba, na kwenye barabara ambako Zain anasukuma mitungi ya gesi wakati watoto wengine wanapelekwa shuleni kwa basi.

Sehemu yenye nguvu kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi huyu, si mahakama bali ni kisa cha Sahar, dada yake mwenye miaka 11. Zain ndiye anayegundua kwamba dada yake amevunja ungo, na kwa kuwa anajua vizuri familia itafanya nini ikipata habari hiyo, anamfulia nguo, anamwibia pedi dukani na kumfundisha namna ya kuficha. Mtoto wa kiume anayemficha dada yake ili asiozwe: katika jamii ambazo binti huhesabiwa kuwa mtu mzima siku ileile anapopata hedhi ya kwanza, onyesho hili halihitaji ufafanuzi wowote, na mwalimu anayetafuta mahali pa kuanzia mazungumzo kuhusu ndoa za utotoni hatapata pazuri zaidi ya hapo.

Nusu ya pili ya filamu ni ya Rahil, mwanamke kutoka Ethiopia aliyeacha nyumba ya mwajiri wake baada ya kupata mimba na sasa anaishi bila kibali, akimficha mwanawe mchanga Yonas mahali pa kazi. Anamchukua Zain ili amlinde mtoto, na Rahil anapokamatwa, mvulana huyu anabaki peke yake na mtoto anayejifunza kutembea, bila maziwa wala pesa. Ili kuelewa kwa nini Rahil hawezi kwenda polisi wala hospitali, lazima mtazamaji aujue mfumo wa kafala, ambao unakifunga kibali cha mfanyakazi kwa mdhamini mmoja, hivi kwamba anayemkimbia mwajiri huyo anageuka mhalifu siku hiyohiyo. Familia nyingi za Kenya na Uganda zilizowapeleka mabinti wao Ghuba au Lebanon kama makadama zinaujua mfumo huo bila kusoma kitabu chochote. Mwezi wa Agosti 2020, miaka miwili baada ya filamu kutoka, wanawake wa Kenya walipiga kambi nje ya ubalozi mdogo wa nchi yao mjini Beirut wakidai wasaidiwe kurudi kwao. Mtazamaji wa huku kwetu, kwa hiyo, huenda akamwelewa Rahil upesi kuliko mtazamaji wa Paris, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuichagua Capernaum kama hadhira yako ina ndugu waliokwenda au wanaojiandaa kwenda.

Filamu zote mbili ziliwatumia watoto ambao hawakuwa waigizaji. Nair na mwandishi wake Sooni Taraporevala waliwakusanya watoto wa mitaani wa Bombay katika warsha iliyoongozwa na mwalimu wa maigizo Barry John, na kutoka humo wakapatikana wahusika, akiwemo Shafiq Syed aliyeigiza Krishna. Labaki alimpata Zain Al Rafeea, mkimbizi wa Syria kutoka Daraa, katika mitaa ya Beirut, na akapiga picha kwa takriban miezi sita mpaka akawa na zaidi ya saa 500 za mikanda. Tofauti inaonekana kwenye pazia. Watoto wa Nair wamefundishwa kuigiza, hivyo kila tukio lina umbo na linakwisha panapotakiwa. Watoto wa Labaki wamesubiriwa mpaka wakafanya kitu cha kweli, hasa Yonas, na ndiyo maana kuna dakika ambazo mtazamaji husahau kwamba kuna kamera, lakini pia kuna dakika ambazo filamu inazunguka palepale kwa kuwa mhariri ameshindwa kuachana na picha nzuri. Mpaka kati ya maisha na maigizo ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Yordanos Shiferaw, anayemwigiza Rahil, alikamatwa kweli kwa kukosa kibali wakati upigaji picha ukiendelea.

Swali la nini kiliwapata watoto hao baada ya taa kuzimwa si umbea. Linahusu haki ya kutengeneza filamu za aina hii. Kutokana na Salaam Bombay! ulianzishwa mfuko wa Salaam Baalak, ambao tangu 1988 umekuwa ukiwahudumia watoto wa mitaani nchini India, na huo ni urithi ambao filamu nyingi zenye tuzo kubwa hazina. Hata hivyo Shafiq Syed, aliyepewa tuzo ya taifa ya mwigizaji mtoto, hakupata kazi ya maana katika sinema, na miaka mingi baadaye alikuwa dereva wa bajaji mjini Bangalore. Zain Al Rafeea alihamishiwa Norway pamoja na familia yake mwaka uleule filamu ilipotoka. Msomaji asiharakishe kuona kwamba mmoja alitendewa haki na mwingine akatupwa, kwani kilichomwokoa Zain kilikuwa ni mpango wa kuwahamisha wakimbizi ambao kwa mtoto wa Bombay wa mwaka 1988 haukuwepo. Bado kikundi kitakachotazama filamu yoyote kati ya hizi kitauliza swali hilo, na ni vizuri anayeongoza mazungumzo awe na jibu.

Ubishi mkubwa zaidi utazuka juu ya wazazi. Huku kwetu husemwa kwamba mtoto huja na riziki yake, na Capernaum ni shambulio la moja kwa moja dhidi ya kauli hiyo: Zain anaitaka mahakama iwazuie wazazi wake wasizae tena. Ni dai zito, na filamu haikwepi hatari yake, kwa sababu linaweza kusikika kama karipio kwa maskini kwamba wamezaa mno, huku mwenye nyumba, mwajiri, wakala wa vitambulisho bandia na serikali ambayo haikuwaandikisha wakibaki pembeni. Labaki anajaribu kusawazisha kwa kumpa mama yake Zain nafasi ya kujibu, naye anajibu kwa hasira ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa, akimwambia wakili kwamba hawezi hata kuyawaza maisha anayoyaishi. Wakili huyo anaigizwa na Labaki mwenyewe, jambo ambalo wengine wameliona kuwa majivuno na mwandishi huyu analiona kuwa aina ya uaminifu: mtengenezaji filamu amejiweka mahali anapoweza kutukanwa. Kesi yenyewe ni ya kistiari kuliko kisheria, na mtazamaji anayetaka uhalisia mtupu atakwazwa na jinsi simu moja kwenye kipindi cha televisheni inavyomfikisha Zain mahakamani.

Nair hana mahakama. Serikali inapoingia katika filamu yake, inaingia kwa jina la ulinzi: watoto wanakusanywa, wanapelekwa mahabusi ya watoto, na maofisa wanazungumza lugha safi ya masilahi ya mtoto huku wakiamua mambo ambayo Rekha, mama yake Manju, hatayasahau maisha yake yote. Hapo ndipo Salaam Bombay! inapoishinda nyenzake. Capernaum inaamini kwamba mtoto akisikilizwa na mkubwa mwenye mamlaka, jambo fulani litabadilika, na tumaini lake limewekwa katika karatasi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, kibali. Salaam Bombay! inaonyesha mamlaka yanayosikia kila kitu na yasiyoelewa lolote, na tumaini lake limewekwa kati ya watoto wenyewe, katika kipande cha mkate kinachogawanywa na katika urafiki ambao unaweza kuvunjwa kwa usiku mmoja na haja ya dawa za kulevya. La pili ni la kweli zaidi, na ni gumu zaidi kulibeba.

Kwa upande wa mwendo, mtazamaji aliyekulia kwenye sinema za Kihindi, kama walivyokulia wengi wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, asitarajie nyimbo na dansi kwa sababu tu jina la jiji limo kwenye kichwa cha filamu. Lugha ni ya Kihindi, muziki umetungwa na L. Subramaniam na unatumika kwa kiasi, na filamu inachukua dakika 113 za mwendo wa taratibu. Capernaum ina dakika 126, kamera yake inashikwa mkononi na kukaa kwenye kimo cha mtoto, na muziki wa Khaled Mouzanar, mume wa Labaki na mtayarishaji wa filamu hiyo, mara nyingine unasisitiza huzuni ambayo uso wa Zain ulikuwa umekwisha kuieleza. Ni kasoro, ingawa si ya kumfanya mtu azime.

Zote mbili zilitambuliwa na wakubwa wa sinema: ya kwanza ilipata tuzo ya tamasha la filamu la Cannes inayotolewa kwa filamu ya kwanza ya mtengenezaji, ya pili ikapata tuzo ya majaji huko huko, na kila moja ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Tuzo hazisaidii kuchagua.

Kinachosaidia zaidi ni kujua kilichomo. Salaam Bombay! ina ukahaba, msichana anayeuzwa, matumizi ya dawa za kulevya yanayoonyeshwa wazi, kifo na kisu. Capernaum ina ndoa ya mtoto, matusi mengi kutoka kinywani mwa mtoto, uuzaji wa dawa, na mtoto mchanga anayefungwa kamba mguuni ili asipotee barabarani. Hakuna hata moja inayofaa kwa mtoto wa shule ya msingi, na kwa wanafunzi wa sekondari ya chini ni vizuri mwalimu aitazame kwanza peke yake. Mzazi anayetaka kukaa na watoto wa miaka tisa au kumi na kuzungumza nao juu ya umaskini wa mjini bila kuwatisha achukue Queen of Katwe, ambayo Mira Nair huyohuyo aliitengenezea Disney mwaka 2016, akisimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana aliyekuwa akiuza mahindi mtaani Katwe, Kampala, kabla ya mwalimu Robert Katende kumfundisha sataranji. Nair ameishi Kampala kwa miaka mingi, na inaonekana: mafuriko yanayoingia chumbani, kodi inayodaiwa, na mama mkali anayeigizwa na Lupita Nyong'o vimeonyeshwa na mtu anayeujua mji. Umaskini wake umeng'arishwa kidogo, kama inavyotarajiwa kwa kampuni hiyo, na ushindi unafika kwa wakati unaotakiwa. Kwa mtoto mdogo zaidi, Children of Heaven ya Majid Majidi, ya mwaka 1997, kuhusu kaka na dada wa Tehran wanaovaa jozi moja ya viatu kwa zamu, inatosha kabisa kwa dakika zake 89.

Kwa mtu mzima anayetaka kutazama moja tu, peke yake au na rafiki mwenye subira, pendekezo ni Salaam Bombay! bila kusita. Kwa kikundi kinachotaka kubishana baadaye, iwe ni cha kanisani, cha msikitini, cha akina mama wa mtaa au cha wanafunzi wa sheria na ustawi wa jamii, Capernaum ina faida kubwa, kwa kuwa kila mtu atatoka na upande: mtoto, mama, Rahil au hakimu. Kwa wale ambao kazi yao ni kusajili vizazi au kushughulikia wahamiaji, haina mpinzani.

Lipo pia suala la lugha, ambalo mara nyingi husahaulika mpaka watu wakiwa wamekwisha kukaa. Nakala zinazopatikana kwa urahisi zina tafsiri ya maandishi ya Kiingereza, na katika ukumbi wa mtaa wapo watakaoshindwa kuyafuata. Salaam Bombay! inaweza kuvumilia mtu wa kusimulia kwa Kiswahili kando ya pazia, kama wafanyavyo madijei wetu, kwa sababu sehemu kubwa ya kisa chake inaonekana kwa macho. Capernaum haivumilii hivyo, kwani maneno ya mahakamani yakipotea, nusu ya hoja yake imepotea. Ila watazamaji wanaojua Kiarabu, wakiwemo wengi wenye ndugu Oman na Ghuba, wataisikia lahaja ya Lebanon na kupata mengi bila kusoma. Kikundi kitakachoamua kuonyesha zote mbili kianze na ile ya Bombay na kuacha wiki moja katikati, kwa kuwa makelele ya Capernaum humfanya mtu akose masikio ya kuisikia filamu ya kimya zaidi inayokuja baada yake.